Sinia la Shangazi

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni usemi mtamu, na sisi watu wa mwambao tunaupenda sana. Lakini wahenga hao hawakutuambia la kufanya pale mwenyeji anapopona na mgeni akaugua. Hilo ndilo nililolifikiri mchana mmoja wa Idi, nikiwa nimelala chali juu ya mkeka katika baraza ya nyumba ya shangazi yangu, Pangani, kinywa kimenikauka, kiu haikatiki, macho yanaona ukungu, ilhali ndani watu wanacheka na masinia yanagongana.

Ilikuwa miezi minne tu tangu daktari aniambie kwamba nina kisukari. Nilitoka Dar es Salaam na vidonge vyangu mkobani na azma moyoni. Azma hiyo haikumaliza hata staftahi ya Idi. Tuliporudi kutoka kuswali tulikuta tambi zilizopikwa kwa sukari na nazi, kaimati zinazong'aa kwa shira, vitumbua, mikate ya kumimina, na birika la chai ya maziwa iliyokwisha kutiwa sukari huko huko jikoni. Nikachukua kitumbua kimoja. Shangazi akaniangalia kama mtu aliyetukanwa.

"Kula, baba," akasema. Yeye huniita baba, kwa kuwa mimi ni mtoto wa kaka yake. "Umekonda kama marehemu baba yako."

Basi nikala. Nikala tambi, nikala kaimati, na saa saba lilipokuja sinia la pilau nikala pilau, na jioni ikaja halua na kahawa. Nilijua nifanyalo. Nilijua kwamba kukonda kwangu, ambako shangazi alikuwa anakutibu kwa kijiko, kulikuwa ni dalili ya ugonjwa wenyewe. Lakini sikusema neno.

Kwa nini mtu mzima mwenye akili zake, anayejua kwamba kitu kitamdhuru, hushindwa kusema hapana mbele ya sahani ya ndugu yake? Swali hilo nilirudi nalo Dar es Salaam, nikakaa nalo. Mimi si daktari wala si mwanahistoria. Nilikuwa mwalimu, na mwalimu akishindwa na swali hufungua vitabu. Nilianza kusoma habari za chakula cha pwani yetu. Nilidhani natafuta dawa ya tumbo langu, kumbe nilikuwa namtafuta shangazi.

*

Mwaka 1331 msafiri wa Morocco aitwaye Ibn Battuta alishuka Mogadishu akielekea kusini. Alipewa nyumba, na Sultani akamlisha kwa siku tatu, kila siku mara tatu, kama ilivyokuwa desturi ya mji kwa mgeni. Ameandika aliyopewa: wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika chano kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Kisha anasema kwamba mtu mmoja wa mji ule hula chakula cha kundi zima la watu wa kwao, na kwamba wenyeji ni wanene mno.

Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu. Karibu miaka mia saba iliyopita, mgeni ameketi mbele ya sinia la mwambao, amezidiwa! Sikuwa wa kwanza.

Lakini msafiri huyo huyo alipofika Mombasa ameandika habari nyingine. Chakula kikubwa cha watu wa pale, asema, ni ndizi na samaki. Nafaka hawalimi, huletewa kutoka sehemu nyingine za pwani. Hapo nikaweka kitabu chini nikafikiri. Kumbe yapo masinia mawili katika historia yetu. Lipo la Sultani, ambalo mgeni hupewa, na lipo la kila siku, ambalo mwenyeji hula mgeni akishaondoka.

Wachimbuaji wa mambo ya kale nao wameyakuta masinia hayo mawili chini ya ardhi. Kisiwani Pemba, katika kijiji cha kale cha Tumbe kilichokaliwa kati ya karne ya 7 na ya 10, mbegu walizozipata kwa wingi ni za uwele. Katika mji wa Chwaka, uliofuata baadaye, mchele ndio ulioshika nafasi ya mbele. Mchele ulikuja na bahari, kutoka Asia, ukakua pamoja na miji, misikiti na karamu. Wako wataalamu wanaoona kwamba watu hawakuhamia kwenye mchele kwa sababu ya njaa, bali kwa sababu ya heshima: ulikuwa ndio chakula cha kuwakusanyia watu. Kwa hiyo shangazi anaposema Idi bila pilau si Idi, hasemi upuuzi. Anasema neno lenye umri wa miaka elfu.

Sukari je? Hapa ndipo nilipojifunza jambo lililonishangaza zaidi. Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa mwezi Aprili 1498, mfalme wa mji alimpelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa. Naam, miwa. Utamu ulikuwapo kwetu kabla Mreno hajafika, lakini ulikuwa ndani ya mua. Mwenye kuutaka aliutafuna kwa meno yake, akatoa jasho na kutema makapi. Hakuna awezaye kutafuna kwa kikao kimoja miwa ya kutosha kutengeneza sukari iliyokuwa ndani ya tambi za Idi ile. Meno yangechoka kabla ya tumbo.

Aliyetutolea meno katika kazi hiyo ni mtambo, na mtambo huo, ndugu msomaji, ulifika mapema kwetu Pangani. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mabonde ya mto Pangani yalijaa mashamba ya miwa ya matajiri wa Kiarabu, yaliyolimwa na watumwa. Miwa ilikamuliwa, maji yake yakachemshwa, na sukari ikapakiwa katika majahazi kwenda Unguja na kwingineko. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani na kunyongwa pale pale Pangani mwezi Desemba 1889, alikuwa mwenye shamba la miwa. Nimepita mahali hapo tangu utoto wangu, nikijua habari za kamba yake. Za sukari yake hakuna aliyenifundisha.

Yuko mwanahistoria Mmarekani, Jonathon Glassman, aliyeandika kitabu kizima juu ya Pangani na pwani yetu katika miaka ya 1856 hadi 1888, akakiita *Feasts and Riot*, yaani karamu na ghasia. Anaonyesha kwamba karamu katika miji hii haikuwa kula tu. Ilikuwa ndiyo njia ya mtu kujulikana ni nani. Mwenye kulisha wengi alikuwa mkubwa. Mwenye kulishwa alikubali ukubwa wake. Na mgeni kutoka bara, au mtumwa aliyetaka kuhesabiwa kuwa mtu wa mji, aligombea nafasi yake katika karamu hizo. Hata vita vyenyewe viliwaka mwezi Agosti 1888, siku za Idi Kubwa, mji ukiwa umefurika watu waliokuja kwa sikukuu.

Nilipofika hapo nikaanza kuelewa yale macho ya shangazi nilipochukua kitumbua kimoja. Mimi niliona chakula tu. Yeye aliona mtu anakataa nafasi aliyotengewa katika ukoo. Katika mji kama ule, kukataa sinia ni kusema: mimi si wa hapa.

*

Hata hivyo historia ya kale pekee haitoshi. Shangazi hakuishi zama za Abushiri. Tutazame na yale aliyoyaona kwa macho yake.

Alizaliwa wakati wa Waingereza, katika nchi ya mkonge. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida ni 62 tu iliyofika ingali hai, na kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyofunika mkoa wa Tanga. Maelfu ya vibarua waliokuja kukata mkonge walilishwa unga wa mahindi. Mahindi nayo, ingawa jina lake linamtaja Mhindi, asili yake ni bara la Amerika, kama vile muhogo, nanasi na papai. Taratibu mtama na uwele, nafaka zilizotulea tangu zama za Tumbe, zikarudi nyuma, zikabaki uji wa wagonjwa na wazee. Mashine za kukoboa zikatupa sembe jeupe, na dona, lenye ganda lake na kiini chake, likaitwa chakula cha kimaskini. Chai nayo ikashuka kutoka milima ya Usambara na kutoka madukani, na pamoja na chai kijiko, na pamoja na kijiko sukari.

Kisha ikaja njaa. Ukame wa mwaka 1974 uliigusa nchi nzima. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imeendesha kampeni ya *Mtu ni Afya* kwa redio na vikundi vya kujisomea. Mwaka 1975 ikafuata *Chakula ni Uhai*. Nakumbuka wazee wamezunguka redio moja chini ya mwembe, mmoja akisoma kijitabu na wengine wakiuliza maswali. Tulifundishwa kulima zaidi, kuchanganya vyakula na kumpa mtoto maharage na mboga. Yalikuwa mafunzo mazuri. Lakini adui aliyetajwa alikuwa upungufu. Hakuna aliyetuambia, wala hakuna aliyekuwa na sababu ya kutuambia, kwamba siku moja tutauliwa na kingi.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 mambo yakazidi. Miaka ya mwanzo ya 1980 ndiyo niliyoishi kwa shangazi, nikisoma. Duka lilikuwa na rafu lakini rafu hazikuwa na kitu. Tulikula unga wa njano wa msaada, tuliouita unga wa Yanga kwa rangi yake. Sukari ilipokuja, habari ilitembea kwa minong'ono, na shangazi aliamka saa tisa usiku kwenda kuweka jiwe lake kwenye foleni. Mara nyingine alirudi na kilo moja. Mara nyingine alirudi na jiwe.

Kilo hiyo hatukuila. Aliitia katika kopo la maziwa ya unga, akalifunga kwa kitambaa, akalisukuma uvunguni mwa kitanda. Sisi wa nyumbani tulikunywa chai kavu na muhogo wa kuchemsha. Kopo lilitoka akija mgeni. Siku moja baba yangu alikuja kutoka Dar es Salaam ghafla, bila taarifa, na nikamwona shangazi akipiga magoti, akilivuta kopo lile kutoka uvunguni, na uso wake ukiwa na furaha ambayo sijaiona tena kwa mtu yeyote. Alimtilia kaka yake vijiko vinne. Baba akanywa. Mimi nilikuwa mlangoni, nikihesabu.

Basi hiyo ndiyo sukari ya shangazi. Daktari huihesabu kwa gramu, na Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ingekuwa bora mtu mzima asizidishe takriban gramu 25 kwa siku, yaani kama vijiko sita vya chai, pamoja na ile iliyojificha ndani ya vitafunio na soda. Shangazi huihesabu kwa saa za foleni. Wewe unamwambia sukari ni sumu. Yeye anakumbuka kwamba aliipigia magoti.

Milango ya biashara ilifunguliwa kuanzia mwaka 1984, na rafu zikajaa. Kilichokuwa cha Idi kikawa cha Jumatatu. Watoto wa waliokunywa chai kavu wakawa hawali bila soda. Nani angewalaumu? Mla mla leo, mla jana kala nini? Lakini mwili hauna kalenda ya siasa. Mwaka 1989 madaktari waliochunguza vijiji kadhaa vya Tanzania walitangaza kwamba walikuta kisukari kwa takriban mtu mzima 1 kati ya 100. Mwaka 2012, katika uchunguzi wa nchi nzima wa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, walikutwa nacho takriban 9 kati ya 100. Chunguzi hizo mbili hazikufanywa kwa namna moja wala mahali pamoja, kwa hiyo tusizilinganishe kama mizani ya duka. Lakini hakuna anayekaa kwenye foleni ya kliniki ya kisukari leo atakayebisha kwamba foleni imerefuka. Foleni ya sukari haikwisha, ilihamia mahali pengine tu.

*

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelizungukia tangu mwanzo.

Baba yangu alikuwa na kisukari. Alijulishwa akiwa na miaka hamsini na kidogo. Kila Idi alikuwa akienda Pangani kwa dada yake, na mara nyingi nilimsindikiza. Safari ya kwanza baada ya kujulishwa, tukiwa ndani ya basi tumepita Segera, aliniambia: "Usimwambie shangazi yako. Atahuzunika, na Idi yake itaharibika." Nikaitikia. Nilikuwa kijana, na neno la baba ni neno la baba.

Kwa hiyo kila mwaka baba aliketi mbele ya sinia la dada yake akala kila kitu, akasifu, akaongeza. Kila mwaka tulirudi amechoka kuliko mwaka uliotangulia. Kikaja kidonda cha kidole cha mguu, kidonda kidogo tu, cha kiatu. Hakikupona. Wakakata kidole, kisha mguu chini ya goti. Alifariki mwaka 1996. Shangazi aliambiwa ni kidonda.

Sisemi kwamba siku chache za Idi ndizo zilizomuua baba. Hesabu hiyo si ya kweli. Mwaka una siku nyingi, na huko Dar es Salaam nako alikuwa na soda zake na vidonge alivyovisahau. Lakini nasema kwamba kimya kile kilikuwa sehemu ya ugonjwa, na nilikilinda. Na siku ile nilipolala chali barazani, kinywa kimekauka, niligundua kwamba nimekirithi pamoja na damu.

Mwaka uliofuata nilikwenda mapema, siku mbili kabla ya Ramadhani kwisha. Daktari alikuwa amenieleza kwamba kwa dawa nilizokuwa natumia nisifunge bila ushauri wake, na mwaka huo hakuniruhusu. Kwa hiyo hata kujificha nisingeweza. Nilimkuta shangazi ukumbini na ungo, anachagua mchele wa Idi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona midomo yako si ya mtu aliyefunga?"

"Nina maradhi ya sukari, shangazi. Yapata mwaka na nusu."

Akaacha kuchagua. "Sukari hii ya watu wanaokatwa miguu?"

"Ndiyo hiyo."

Alinyamaza. Nilisikia kivuko kikipiga honi kule mtoni. Halafu akauliza, taratibu, kama anayelifahamu jibu: "Kakangu alijua, alipokuwa akija hapa?"

"Alijua."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, shangazi. Alinikataza nisikwambie."

Aliutazama mchele kwa muda mrefu. Niliogopa atalia, lakini hakulia. Alisema: "Mlikaa hapa mnakula, nyote wawili mnajua, na mimi peke yangu ndiye mjinga wa nyumba." Kisha, baada ya muda: "Mngeniambia. Mimi ni mpishi. Hakuna kitu nisichoweza kupika."

Maneno hayo sijayasahau. Miaka yote ile tulidhani tunamhifadhi kwa kumficha. Kumbe tulimvunjia heshima. Tulimfanya kuwa mkono wa kupakua tu, tukasahau kwamba anao ujuzi.

*

Idi ile alipika pilau kama kawaida, kwa kuwa watu walikuwa thelathini na Idi ni ya wote. Lakini mbele yangu aliweka vitu ambavyo sikuviona tangu miaka ya foleni: changu wa kuchoma kwa ndimu na pilipili, kisamvu, mbaazi za nazi kidogo, bamia, kachumbari bakuli zima, na kipande cha muhogo wa kuchemsha kisichozidi kiganja. Chai ilikuwa ya mchaichai na tangawizi, bila sukari. Nilipomwuliza ameyatoa wapi mapishi hayo, alinishangaa. "Mapishi gani? Hiki ndicho tulichokuwa tunakula wakati hatuna kitu."

Hapo masinia mawili ya Ibn Battuta yalikutana kwenye mkeka mmoja: la Sultani na la watu wa Mombasa. Yote mawili ni yetu. Mwenye kula samaki na mboga siku ya Idi hajakimbia mila. Ameshika mila nyingine, iliyo kongwe vile vile, ila haikupata wa kuisifu.

Nisieleweke vibaya, lakini. Wako wanaosema siku hizi kwamba turudi kwenye vyakula vya mababu na maradhi yote yatakwisha. La hasha. Muhogo ni wanga, na mtama ni wanga. Ukila mlima wake, sukari ya damu itapanda mlima huo huo. Mababu walikula vyakula hivyo wakilima, wakivua na kutembea, na mara nyingi hawakushiba. Faida niliyoipata ni ndogo na ya wazi: mbaazi, kunde na mboga za majani huyeyuka polepole tumboni, samaki hushibisha bila sukari, na mtu aliyeanza navyo hubakiwa na nafasi ndogo ya wali.

Kwa kuwa wasomaji wengine watakwenda kwa ndugu sikukuu ijayo wakiwa na hali kama yangu, nitayataja machache niliyojifunza. Kwanza, sema mapema, kabla ya moto kuwashwa. Ukimwambia mpishi siku mbili kabla, unamwomba msaada. Ukimwambia sinia limekwisha tua, unamkatalia. Pili, sinia la pamoja halina kipimo, kwa maana kila ukimega upande wako wenzako wanakusogezea wa kwao. Nimeona ni bora kuketi na wenzangu kwenye sinia lakini nipakue changu kwenye kisahani mara moja, na nile taratibu ili nisimalize kabla ya wengine, kwani mwenye sahani tupu huongezewa. Tatu, baada ya kula nyanyuka. Mimi huenda kwa miguu hadi ufukweni na kurudi, na siku hizi watoto wa nyumba hunifuata. Nne, dawa usiiache nyumbani, na usidhani ukila kidogo unaweza kuiruka.

La tano linanihusu mimi zaidi. Kwa miaka mingi, kila nilipokwenda kwa shangazi, zawadi yangu ilikuwa kilo tano za sukari na majani ya chai. Nilijiona mtoto mwema. Leo napeleka machungwa ya Muheza, kunde, na samaki nikiwahi mnadani. Mara ya kwanza alilitazama kapu langu akauliza kama nimefilisika. Nikamwambia mfalme wa Mombasa alimpa Vasco da Gama machungwa. Akasema huyo Vasco hakuwa mpwa wake.

Yeye mwenyewe hakuacha sukari. Amepimwa, hana ugonjwa huo, na anasema katika umri wake hatapiga tena foleni ya kitu chochote. Kikombe chake hukitilia vijiko vinne. Sijawahi kumkataza. Namtazama anavyokoroga, na namwona akivuta kopo kutoka uvunguni.

Idi iliyopita nilijaribu kunyanyuka mapema. Nilikuwa nimekula samaki wangu na mboga zangu, nimeshiba, nikasema alhamdulillahi na kuvuta mguu. Shangazi akanishika mkono, akanikalisha, akachukua bakuli la kisamvu akanijazia kisahani hadi pembeni pakamwagika.

"Kula, baba," akasema. "Hujala kitu."